Nani Anywe Kwanza

Kifungu cha kumi na nne nakiandika usiku,
taa ya mezani, feni inakohoa,
majumba ya Michenzani, ghorofa ya tano,
na bomba la jikoni linapuliza upepo.

Mama akiulizwa na wageni hujibu,
"Mwanangu ni wakili," kisha hunyamaza,
maana mawakili anaowajua yeye
husimama Vuga, wakavutana mbele ya hakimu
kwa talaka, kwa mipaka, kwa minazi ya urithi.
Mie sivutani na mtu.
Mie naunga madeni.

Elfu tisa mia sita na kumi na mawili,
yaliyokopwa kwa kidole juu ya kioo cha simu:
ya gesi, ya ada ya skuli, ya unga wa ngano,
na moja la mahari.
Mkopaji kaliandika mwenyewe, "mahari",
palipoulizwa sababu.
Yote nayafunga kama mzigo wa makuti,
nayauza kwa kampuni niliyoizaa Jumanne:
haina mfanyakazi, haina meza,
haina hata birika la chai,
ina muhuri tu, na sanduku la posta.
Akifa aliyekopesha, hii haifi naye.
Huo ndio ufundi wangu. Nalipwa kwa huo.

Neno riba halimo. Tumeliita ada ya huduma.
Bibi yangu, aliyeweka mikarafuu bei khiyari
asiikomboe mpaka anazikwa,
angeitambua kwa harufu.

Kisha nagawa matabaka.
Pesa zikirudi, tabaka la juu hunywa kwanza,
likishashiba, la kati,
la chini huramba kilichobaki,
na mwaka mbaya huramba ukingo.
Wenye fedha wa mbali walielewa mara moja.
Mie ilinichukua siku mbili kucheka:
hapa kwetu maji hushiba chini,
sisi wa juu ndio wa kuramba.

Jana likaja jedwali la pili.
Lilitakiwa liwe na namba tupu.
Kijana wa kampuni, kwa haraka, kaliacha na majina,
na mstari wa 4,117:
Mize Faki Hamad. Biashara, vitumbua.
Laki moja na nusu. Amechelewa siku kumi na moja.

Mize wa chini. Mize mwenye bomba.
Ndiye anijaziaye ndoo akaifunika kwa sinia
nirudipo usiku na viatu mkononi.

Hapo nikaijua ile simu ya alfajiri wiki iliyopita,
sauti laini isiyovuta pumzi:
"Unamfahamu Mize? Mwambie alipe."
Nilidhani matapeli. Nikakata.
Kumbe ni kifungu cha tisa cha mkataba wa mkopo,
niliowaandikia mwaka juzi kwa mkono wangu:
mdaiwa akichelewa, mfumo waweza kuwasiliana
na watu waliomo katika simu yake.
Nilikiandika vizuri. Hakina koma ya kupunguza.

Nikakipiga mstari.
Asubuhi Bwana Rashad akauliza, "Kwa nini?
Hicho ndicho kinachorudisha pesa."
Nikamjibu kwa lugha ya ofisini:
taarifa binafsi, hatari ya kesi, sifa ya hati sokoni.
Yote kweli. Hakuna hata moja iliyokuwa sababu.
Akasema atatafakari,
na mie najua tafakuri ya mtu mwenye kikokotoo.

Deni la Mize limo bado.
Si langu kulifuta.
Jina nimeliondoa, namba imebaki.

Saa tisa za usiku, sufuria inagongwa chini:
"Wakiliii! Yametoka!"
Nateremka ngazi gizani na ndoo mbili.
Yeye kashika mpira, kitenge kifuani,
hajui ninachokijua.
"Jaza yako kwanza," ananambia,
"mie nipo hapa hapa."